Laana ya Nuhu kwenye Njia ya Rusumo

Oktoba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke ulikwama Usui. Mtemi Suwarora alidai hongo: nguo, shanga na nyaya za shaba. Kila mara wageni walipodhani wamemaliza kulipa, mjumbe mwingine alitokea na madai mapya. Usui ya vitabu vya wasafiri ndiyo Busubi, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya wilaya za Ngara na Biharamulo. Anayepanda basi Lusahunga, akapita Nyakahura na kuteremka Kasulo, kata ya wilaya ya Ngara, amekatiza nchi hiyo. Speke alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, na kitabu cha safari yake husomwa zaidi kwa sababu hiyo. Lakini alisafiri na Biblia pia, na namna alivyoisoma katika nchi za Maziwa Makuu imewagusa watu wa Kasulo kuliko chanzo cha Nile kilivyowahi kuwagusa.

Mwishoni mwa Novemba alifika Karagwe, akapokewa na Omukama Rumanika huko Bweranyange. Rumanika alimkarimu sana. Speke, aliyekuwa amechoshwa na madai ya njiani, alivutiwa na mtawala huyu mpole, mdadisi, mwenye maswali mengi kuhusu dunia. Akawatazama watu wa ikulu, sura zao na vimo vyao, akaamua kwamba hawawezi kuwa wa asili moja na wakulima waliowazunguka. Alimwambia Rumanika kwamba angependa kumchukua mtoto wake mmoja au wawili wakasomeshwe Uingereza, kwa kuwa aliamini ukoo wao umetokana na Wahabeshi, na Wahabeshi ni Wakristo. Kwa maoni yake, Wahuma, kama alivyowaita watu wa tabaka hilo la watawala, nao wangekuwa Wakristo kama wasingalipoteza ujuzi wao wa Mungu. Ukoo wa Rumanika ulikuwa na historia yake, ile ya Ruhinda na Wahinda walioeneza utawala wao Karagwe, Busubi, Buzinza na Ihangiro. Historia hiyo ilimweleza Rumanika ni nani bila kumtoa Uhabeshi.

Mwaka uliofuata, huko Bunyoro, Speke alifika mbele ya mfalme Kamrasi na kufanya jambo ambalo naliona zito kuliko mengi ya safari ile. Alifungua Biblia ili amfundishe mfalme asili ya watu wake. Alianza na Adamu, akaja kwenye gharika, akaeleza kwamba Wazungu ni weupe kwa damu ya Yafethi, Waarabu ni maji ya kunde kwa sababu ya Shemu, na Waafrika ni weusi kwa sababu ya Hamu. Kisha, ili kumwonyesha Kamrasi ukuu wa kabila lake, akasoma sura ya 14 ya Mambo ya Nyakati wa Pili, inayosimulia jinsi Zera Mkushi, yaani Mwethiopia, alivyomwendea Asa, mfalme wa Yuda, akiwa na jeshi la watu milioni moja. Mkalimani wake mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, ambaye Speke aliongea naye Kihindustani. Kamrasi alikichukua kitabu akaanza kuhesabu kurasa zake, akiamini kila ukurasa ni mwaka mmoja tangu dunia kuumbwa. Speke aliliandika hilo kama jambo la kuchekesha. Mimi naona watu wawili waliokosea kuhusu kitabu kimoja, na kosa la Kamrasi halikumdhuru mtu.

Sura ile ya Mambo ya Nyakati haikuandikwa kuonyesha ukuu wa Wakushi. Ndani yake Wakushi wanashindwa na kufukuzwa, na nyara zao zinachukuliwa. Mwandishi wake alikuwa Myahudi aliyeishi baada ya uhamisho wa Babeli, katika jumuiya ndogo isiyo na mfalme wala jeshi, iliyokaa chini ya dola ya Waajemi. Alizipitia upya habari za wafalme wa kale ili kuwaambia watu wake jambo moja: mfalme aliyemtumaini Mungu aliokoka hata adui alipokuwa mwingi kupita kiasi. Ile milioni ni sehemu ya usemi huo. Si hesabu ya karani wa jeshi. Kadiri umati wa Zera unavyokuwa mkubwa, ndivyo sala ya Asa inavyopata uzito. Speke aliitoa simulizi ya imani ya watu dhaifu, akaifanya cheti cha kuzaliwa cha ukoo wa kifalme ulioishi maelfu ya kilomita kutoka Yerusalemu.

Kitabu chake kilichapishwa 1863, na kina Hamu wawili. Katika utangulizi yumo Hamu aliyelaaniwa na baba yake, akahukumiwa kuwa mtumwa wa Shemu na wa Yafethi. Speke anasema hali ya Waafrika aliowaona ni ushahidi kwamba Maandiko ni ya kweli. Ndani zaidi wamo Wahuma wa Uhabeshi, watu bora waliotoka kaskazini na mifugo yao wakawatawala wakulima. Hamu wa kwanza alimpa Mzungu sababu ya kumdharau Mwafrika. Hao wa pili walimpa sababu ya kumheshimu Mwafrika mmoja na kumdharau jirani yake.

Sasa tuifungue sura ya 9 ya Mwanzo, kwa kuwa wengi wanaoitaja laana hii hawajaisoma simulizi yenyewe. Baada ya gharika Nuhu analima shamba la mizabibu, anakunywa divai, analewa, analala uchi hemani mwake. Hamu anamwona, anatoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanaingia kinyumenyume na kumfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu anapozindukana anatamka laana. Anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe halaaniwi. Mwandishi ametuandaa kwa hilo, maana kabla ya laana ametukumbusha mara mbili kwamba Hamu ndiye baba wa Kanaani. Kushi, Misri na Putu, wana wengine wa Hamu, hawatajwi kabisa katika laana hiyo. Na anayesema ni Nuhu, mtu aliyeamka kutoka ulevini. Mungu hakusema neno hapo. Alichosema Mungu kimeandikwa mwanzoni mwa sura hiyohiyo: aliwabariki Nuhu na wanawe wote watatu, Hamu akiwamo. Rangi ya ngozi haimo, wala katika sura hiyo wala katika ile inayofuata.

Kwa nini Kanaani? Swali hilo linajibiwa na historia. Waisraeli waliishi karne nyingi wakigombea ardhi na Wakanaani, wakichanganyika nao, wakioana nao, wakiogopa dini yao. Kitabu cha Yoshua kinaeleza jinsi Wagibeoni walivyofanywa wapasua kuni na wateka maji. Wafalme wa Kwanza sura ya 9 inasema Sulemani aliwatia mabaki ya watu hao katika kazi za shokoa. Msikilizaji wa Yerusalemu aliposikia Kanaani anaitwa mtumwa wa ndugu zake, alijua anayesemwa ni nani: watu aliowaona wakibeba mawe. Simulizi ilieleza na kuhalalisha mpangilio wa jamii yake. Tunaweza kuichukia kazi hiyo, na mimi siipendi, lakini tusipoitambua hatutaelewa kinachosemwa.

Msomaji wa Maziwa Makuu hahitaji chuo kikuu ili aelewe aina hii ya simulizi, kwa sababu zipo za kwetu. Nchini Rwanda walisimulia kwamba Gatwa, Gahutu na Gatutsi walipewa kila mmoja maziwa ayalinde usiku kucha. Asubuhi ikaonekana Gatwa ameyanywa, Gahutu amesinzia akayamwaga, Gatutsi peke yake ameyatunza, ndiyo maana akapewa kuwaamuru wenzake. Mzee yeyote mwenye busara akisikia hadithi hiyo atauliza ilisimuliwa wapi, na nani alifaidika iliposimuliwa. Jibu ni ikulu ya mwami, mfalme wa Rwanda. Hakuna anayekwenda kutafuta vyombo vya maziwa ardhini ili athibitishe. Simulizi ya Kanaani inastahili swali hilohilo, na anayeliuliza haitukani Biblia. Anaisikiliza jinsi watu wa kwanza walivyoisikiliza.

Sura ya 10, orodha ya mataifa, inalisaidia jambo hili zaidi. Kushi anamzaa Nimrodi, na mwanzo wa ufalme wa Nimrodi ni Babeli, Ereki na Akadi, miji ya Iraki ya leo. Kanaani anamzaa Sidoni, mji wa pwani ya Lebanoni. Sheba anaonekana mara mbili, kwanza katika uzao wa Hamu kupitia Kushi, kisha katika uzao wa Shemu kupitia Yoktani. Havila naye vilevile. Orodha ingekuwa ya damu na rangi, mtu mmoja asingeweza kuwa na mababu wawili tofauti hivyo. Hii ni ramani ya mataifa jinsi Waisraeli walivyoyajua: nani ni jirani, nani ni dola kubwa, nani anafanya biashara na nani, vyote vikiandikwa kwa lugha ya ukoo kama koo zetu zinavyofanya zikitaka kueleza undugu wa kisiasa. Wakanaani wamewekwa kwa Hamu ingawa lugha yao na Kiebrania zilikuwa karibu kiasi kwamba Isaya, katika sura ya 19, anakiita Kiebrania lugha ya Kanaani.

Biblia ina mengine ya kusema kuhusu Wakushi, na wenye kuikariri laana huyapita haraka. Musa alioa Mkushi; Miriamu alipomsema kwa ajili hiyo, mwenye kuadhibiwa alikuwa Miriamu. Ebedmeleki Mkushi ndiye aliyemtoa Yeremia shimoni wakati wakubwa wa Yerusalemu wakitaka afe humo. Amosi aliwauliza Waisraeli kama wao mbele za Mungu wana tofauti yoyote na Wakushi.

Hamu alifanywa baba wa weusi waliolaaniwa karne nyingi baadaye, na wafasiri wa Uyahudi, Ukristo na Uislamu wote walishiriki. Hata hivyo walikuwapo waliokataa, tena mapema. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, aliandika kwamba Taurati haisemi neno juu ya weusi katika habari ya laana hiyo, na kwamba rangi ya ngozi inatokana na hali ya hewa. Mwaka 1615 Ahmad Baba, mwanazuoni wa Timbuktu, aliulizwa kuhusu watumwa waliokuwa wakiuzwa kaskazini. Akajibu kwamba laana ya Hamu si hoja. Kinachoangaliwa ni kama mtu ni Mwislamu au la. Jibu hilo halikuondoa utumwa, lakini liliondoa rangi katika hesabu. Wenye mashamba ya Marekani hawakuwasoma watu hawa. Mahubiri ya makanisa yao yalimhitaji Hamu, wakamtumia mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mgeuko mmoja wa ajabu ulitokea baada ya jeshi la Napoleon kuingia Misri mwaka 1798. Wasomi wa Ulaya waliziona kazi za Misri ya kale wakashindwa kukubali kwamba zilifanywa na Waafrika, na Misri katika Mwanzo ni mwana wa Hamu. Hapo ndipo baadhi yao wakakumbuka, kwa mara ya kwanza walipoona faida, kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani peke yake. Basi wana wengine wa Hamu wangeweza kuwa weupe. Tangu hapo jina la Wahamiti likaanza kumaanisha watu wa asili ya Ulaya au Asia walioleta kila jema Afrika. Usomaji sahihi wa mstari mmoja ulitumiwa kujenga uongo mpya, kwa sababu swali lililopelekwa kwenye maandiko lilikuwa lilelile: nani bora kuliko nani. Naona hapa somo kubwa kwa wanaodhani kujua maneno ya asili kunatosha.

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alivuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda, ufalme wa Rwabugiri. Alitokea upande wa Ngara. Miaka sita baadaye, 1900, Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Save. Walikuja na nadharia ya Wahamiti, wakaitia katika shule. Mwaka 1930 Charles Seligman alichapisha kitabu kuhusu mbari za Afrika kilichoifanya nadharia hiyo ionekane sayansi kamili. Mwaka huohuo Askofu Léon Classe aliuonya utawala wa Kibelgiji, uliowafuata Wajerumani, usiwaondoe watawala wa Kitutsi, maana aliamini ni watu waliozaliwa kutawala. Muda mfupi baadaye Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye neno Mtutsi, Mhutu au Mtwa. Watu hao walisema lugha moja, walikaa vilima vilevile na waliabudu katika makanisa yaleyale.

Watutsi wa ikulu walisifiwa kwa nadharia hiyo, na baadhi waliifurahia. Hatari yake ilikuwa ndani ya sifa yenyewe, kwa sababu anayesifiwa kwa kutoka mbali anaweza siku moja kuambiwa arudi huko mbali. Machi 1957 wasomi wa Kihutu walitoa tamko lao, wakaitumia lugha ya Wahamiti waliyofundishwa seminarini kueleza utawala wa Watutsi kama ukoloni wa wageni. Mapinduzi yalianza Novemba 1959. Wakimbizi wa Kitutsi walivuka kuingia Tanganyika, na baadhi yao wakapewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Watu wa Bugufi na Busubi waliwapokea wakiwa na lugha wanayoielewa, kwa kuwa Kihangaza na Kinyarwanda havipishani sana. Robo karne baadaye, 1985 na 1986, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa Kihutu kutoka Burundi katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, akasikia historia ileile kutoka upande wa pili: Watutsi ni Wahamiti waliotoka kaskazini, wageni wenye hila. Maneno ya Speke yalikuwa yakisimuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukiona kitabu chake.

Desemba 1990 gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha amri kumi za Wahutu, likiiga umbo la amri za Sinai. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera, mwanasiasa wa chama tawala, alihutubia mkutano huko Kabaya. Aliwaambia wasikilizaji kwamba nyumbani kwa Watutsi ni Ethiopia na kwamba njia ya mkato ya kuwapeleka ni mto Nyabarongo. Katika hotuba hiyohiyo aliigusa Injili. Alikumbusha fundisho la kugeuza shavu la pili, kisha akasema kwamba katika chama chao Injili imebadilika: ukipigwa mara moja, unarudisha mara mbili.

Anayeishi Kasulo anajua Nyabarongo inaelekea wapi. Maji yake huingia Kagera, hukutana na Ruvubu inayotoka Burundi, kisha hushuka Rusumo. Kutoka hapo mto hufuata mpaka wa Tanzania na Rwanda kwenda kaskazini kabla ya kugeuka kuingia Ziwa Victoria. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 7, 1994. Siku chache baadaye maiti zilianza kupita chini ya daraja la Rusumo, mchana na usiku, na kuanguka pamoja na maji. Maelfu ziliopolewa ziwani na kuzikwa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Hotuba ya Kabaya ilikuwa imetekelezwa neno kwa neno.

Katikati ya Aprili maelfu ya Watutsi walikimbilia parokia ya Nyarubuye, ng'ambo ya mto, si mbali na mpaka wetu. Kanisa lilikuwa kimbilio katika machafuko ya miaka iliyotangulia. Safari hii waliuawa humo, kwa siku kadhaa, na watu waliowajua. Mkuu wa komuni ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, ndiye aliyewaongoza wauaji.

Tarehe 28 na 29 Aprili, wapiganaji wa RPF, waasi waliopigana na serikali ya Rwanda, wakikaribia, daraja la Rusumo lilijaa watu. Kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wapatao 250,000 walivuka kuingia Ngara ndani ya saa 24. Wengi wao walikuwa Wahutu. Walikuja na magodoro, sufuria, baiskeli, mbuzi na watoto mgongoni, wakaweka mapanga chini kwa amri ya askari wetu wa mpakani. Walipelekwa Benaco, katika kata ya Kasulo, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Katika muda mfupi vilima vilifunikwa kwa maturubai ya buluu. Miti ilikwisha. Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa Tanzania isipokuwa Dar es Salaam. Wakulima wa Kasulo, ambao hakuna aliyewauliza, walitoa ardhi, maji na kuni zao. Naona historia haijawashukuru inavyopasa.

Ndani ya kambi ile walikuwamo wajane, yatima na wakulima wasio na hatia. Walikuwamo pia waliotoka Nyarubuye. Gacumbitsi mwenyewe alikuwa Benaco, akiwa miongoni mwa viongozi wa wakimbizi. Waliokaa foleni moja wakisubiri mahindi na mafuta walijuana walichofanyiana. Jumapili walisali. Kabla ya mwaka huo, sensa ya 1991 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban Wanyarwanda 9 kati ya 10 ni Wakristo, na jambo hilo ndilo linalonifanya nisikubali kuiona habari hii kama ya watu wasioijua Biblia. Waliijua. Walifundishwa sala na katekisimu, na shuleni wakafundishwa kwamba jirani yao ni mwana wa Hamu. Mafundisho hayo mawili yalikaa pamoja kichwani bila mtu kuwaonyesha kwamba la pili halina msingi katika la kwanza.

Askofu wa Rulenge, jimbo lililoihudumia Ngara, alikuwa Christopher Mwoleka. Alikuwa askofu tangu 1969, na alijulikana kwa kuhamia katika kijiji cha ujamaa na kuishi na wanakijiji, akiamini kwamba kushirikiana maisha ndiyo njia ya kulielewa fumbo la Utatu. Alikuwa pia mmoja wa waasisi wa jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976. Katika jumuiya hizo majirani kumi au ishirini hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma sehemu ya Biblia, huulizana maana yake katika maisha yao. Ninazipenda kwa moyo wote. Lakini zina hatari moja, nayo ni kuruka haraka kutoka kwenye mstari kwenda kwenye maisha, bila kupita kwa watu walioandikiwa mstari huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu Ufunuo la Novemba 1965, ulisema wazi kwamba mfasiri achunguze mwandishi alikusudia nini, aliandika kwa mtindo gani na katika mazingira gani ya wakati wake. Tamko hilo lilitolewa kwa Kanisa zima, na katekista wa Kasulo yumo.

Wapo wanaosema kwamba kuuliza maswali ya historia kunapunguza imani. Nimelisikia jambo hili kwa Wakatoliki, kwa Waanglikana na kwa Wapentekoste. Nawajibu kwa Rusumo. Speke aliiamini Biblia yake. Alisema mwenyewe kwamba anathibitisha ukweli wa Maandiko. Alichokosa ni subira ya kumsikiliza aliyeandika.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kuisha, na barabara ya Kasulo hadi Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea magharibi. Mwoleka alistaafu mwaka huohuo. Gacumbitsi alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mwaka 2006 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Mugesera alirudishwa kutoka Kanada mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ikamhukumu kifungo cha maisha. Leo magari ya mizigo ya Kigali na Bujumbura hupita Benaco usiku na mchana.

Jambo moja bado linanisumbua. Katika mpangilio wa masomo ya Misa za siku za juma, juma la 6 la mwaka, mwaka wa kwanza, Alhamisi husomwa Mwanzo 9 mstari wa 1 hadi wa 13, yaani baraka na agano la upinde wa mvua. Ijumaa husomwa sura ya 11, mnara wa Babeli. Laana ya Kanaani na orodha ya mataifa zimerukwa. Najua sababu za kichungaji, na kama masomo ni mafupi lazima kitu kiachwe. Matokeo yake ni kwamba Mkatoliki anaweza kwenda Misa kila siku maisha yake yote asisikie Mwanzo 9:18–27 ikisomwa altareni, huku akiisikia laana ya Hamu kilabuni, shuleni na kwenye hotuba. Mahali pa kuisoma ni jumuiya. Ningeomba jumuiya za Kasulo, Rulenge na Nyakahura ziitenge jioni moja kwa kazi hiyo: zianze na sura ya 8 pale Nuhu anapojenga madhabahu, zisome bila kuruka mpaka Babeli, majina yote yakiwamo, kisha mmoja aulize ni nani aliyebarikiwa, ni nani aliyelaaniwa, na ni nani aliyesema.